Njia Moja Hadi Mugumu

Kambi ya Barabara, Tarime
14 Machi 1956

Dada yangu Nyangi,

Shikamoo. Mimi mdogo wako Hezekia ni mzima, nakula na kulala, na kikohozi cha mwaka jana kimeniacha. Mama huko Itiryo hajambo. Nilipita kwake Jumapili nikamkuta anapura wimbi. Amesema nikueleze kwamba ndama mwekundu amepona, na kwamba wewe umekuwa mvivu wa kuandika. Hayo ni maneno yake, mimi nayafikisha tu. Msalimie shemeji Filemoni, mwambie ile patasi yake bado ninayo na sijaipoteza.

Sasa kaa vizuri nikueleze. Nimepata kazi kwa Bwana Mhandisi wa barabara, yule ambaye watu hapa wanamwita Bwana Kamba kwa sababu hakuna siku utamwona bila kamba mkononi. Yeye anachungulia kwenye darubini yake ya miguu mitatu, mimi nasimama mbali nimeshika fito lenye mistari myekundu na myeupe. Akipunga mkono nasogea, akipunga tena nasimama. Basi. Ukisikia hivi utasema ni kazi ya mtu asiye na kazi, lakini jioni miguu inaniambia mengine.

Wiki iliyopita katapila liliingia kutoka upande wa Sirari. Dada, sijui nikuambie nini. Wazee wa Susuni walikuja kulitazama, wengine tangu alfajiri, wamekaa na vigoda vyao kando ya njia. Unaukumbuka ule mwamba wa pale njia panda, ambao baba alikuwa akisema umekaa tangu dunia ilipoumbwa? Katapila liliusukuma ukatoka kabla chai yangu haijapoa. Chini yake udongo ulikuwa mweusi na wenye unyevu, haujawahi kuona jua. Mzee Waitara alivua kofia yake akaishika kifuani, kama mtu aliye kanisani.

Barabara mpya itatoka Sirari, ipite hapa Tarime, ishuke kuelekea mto Mara. Lakini kuna jambo bado halijaamuliwa, na Bwana Kamba ana michoro miwili mezani. Mchoro wa kwanza ni barabara pana ya njia mbili. Anayekwenda ana upande wake, anayerudi ana upande wake, hakuna kumngoja mtu. Lakini upana unakula fedha, kwa hiyo hiyo inaishia ukingo wa mto, upande wetu huku. Mchoro wa pili ni njia moja tu, inayolitosha lori moja. Kila baada ya mwendo fulani inatanuka kidogo, kama nyoka aliyemeza panya, ili magari yapishane hapo. Hiyo itavuka mto kwa daraja na kufika Mugumu, mpaka mlangoni kwenu.

Unaona mambo hayo? Barua hii nampa Athumani, dereva wa lori, aliyeniahidi kuifikisha mkononi mwako mwenyewe. Ukimpa uji atakusimulia habari za Tarime mpaka utachoka.

Mimi mdogo wako,
Hezekia Mogesi


Karibu na Mugumu
8 Aprili 1956

Mdogo wangu Hezekia,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na alama ya mafuta ya lori na alama ya uji, kwa hiyo najua Athumani ameisafirisha vizuri. Sisi ni wazima. Mvua imenyesha hadi njia ya shuleni imekuwa mto, na wasichana ninaowafundisha wanakuja wamefunga daftari kichwani. Filemoni anajenga ukuta wa misheni. Anasema patasi si kitu, urudi nayo siku ukija, na hiyo siku uitaje.

Mwambie mama mimi si mvivu. Kutoka hapa hadi Itiryo hakuna wa kumpa barua, ila Athumani, naye mvua ikizidi haji.

Nimesoma habari ya michoro miwili mara nyingi. Nimemsomea Filemoni, nimewasomea na wanawake wa kisimani. Hezekia, wewe uliishika ile machela niliyolazwa. Ulikuwa upande wa mbele, kulia. Unajua tulitembea kutoka hapa hadi mtoni, na unajua tulifika mtoni tukiwa watu wangapi na tukarudi wangapi. Sitaandika zaidi ya hapo. Na mwaka uliofuata sikusubiri hata machela, mambo yaliishia humu ndani.

Kwa hiyo mimi sina michoro miwili. Nina mmoja. Hata iwe nyembamba kama mkia wa mbuzi, barabara ifike. Wewe unasimama karibu na huyo Bwana kila siku. Mwambie kuna watu ng'ambo ya mto.

Athumani amecheka sana hapa. Amemwagiza Filemoni amtengenezee kigoda cha mke wake Maua, anasema Maua analalamika kwamba vigoda vya Tarime vyote ni vya watu wafupi. Mwambie Maua kitakuwa tayari mwezi wa sita.

Mimi dada yako,
Nyangi


Kambi ya Barabara, Tarime
19 Agosti 1956

Dada Nyangi,

Shikamoo. Unisamehe kwa kuchelewa. Mimi sijambo. Mama hajambo. Barua hii anaileta Nikodemo, katekista, ambaye anakuja huko kwa baiskeli.

Kuhusu barabara. Nimefikiri na nimeona ya njia mbili ndiyo bora. Bwana Kamba ameniuliza nami nimemwambia hivyo. Usikasirike. Watafika huko kwenu siku nyingine, fedha ikipatikana.

Filemoni asiharakishe kile kigoda.

Hezekia


Karibu na Mugumu
9 Septemba 1956

Hezekia,

Nikodemo amefika. Nimemuuliza habari zako akaangalia chini, akaniomba maji ya kunywa, akanywa, akaomba mengine. Mtu anayekunywa maji namna hiyo ana neno kooni.

Kwanza mwandiko wako. Ninafundisha darasa la kwanza, nakijua kitoto kinachoanza kuandika. Herufi zako zimelala kila moja upande wake. Wewe uliyekuwa unasifiwa na padri kwa mwandiko! Pili, njia mbili. Mwezi wa tatu ulikuwa unairukia barabara ya kuja kwangu kama ndama, leo unaniambia siku nyingine. Siku nyingine ni ipi? Tatu, Athumani hajaonekana hapa tangu mwezi wa tano. Kigoda kimekwisha, kimepigwa msasa, kimekaa ukutani, nawe unasema Filemoni asiharakishe. Kuna nini?

Nimekasirika, lakini sitaki barua hii iishie kwenye hasira, kwa hiyo nikusimulie nilichokiona.

Mwezi wa saba Filemoni aliitwa Ikoma kujenga, nami nikaenda naye, tukafikia kwa ndugu zake. Siku moja asubuhi shemeji mmoja alituita kilimani. Nilidhani ni moshi. Bonde zima lilikuwa linatembea. Nyumbu, Hezekia. Hukuona nyasi, hukuona mchanga, uliona migongo tu mpaka macho yanapoishia, na sauti yao ilikuwa inatoka chini ya nyayo zetu kama vile ardhi inanguruma yenyewe. Kwenye uwanda walikuwa wanakwenda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, mistari mirefu isiyokatika. Walipofika kwenye mteremko wa kushukia kijitoni wakatawanyika, wakashuka upana wa kilima kizima, kisha ng'ambo wakajipanga tena mstari. Hakuna aliyewaambia. Hakuna aliyesimama kuuliza. Nilijikuta nimekaa chini na machozi yananitoka, nami sikuwa na huzuni yoyote. Filemoni alinishika bega.

Siku hizi ni yeye anayechanja kuni na kuteka maji. Watu wanamcheka. Usiniulize kwa nini.

Niambie kilichotokea.

Nyangi


Kambi ya Barabara, Tarime
30 Septemba 1956

Dada yangu,

Shikamoo. Mama ni mzima, ameanza kuandaa shamba.

Athumani amefariki. Ndivyo ilivyo. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila nikifika kwenye jina lake naiweka kalamu.

Ilikuwa mwezi wa sita. Tulikuwa tunarudi kutoka mtoni na shehena ya mahindi, tukipanda kile kilima cha Nyabirongo, pale njia ilipobanwa, jabali upande mmoja na korongo upande mwingine. Nilikaa naye mbele. Alikuwa anaimba. Akaniambia, "Mura, kijana wangu, barabara yenu ikiisha nitakunywa chai Tarime asubuhi na jioni nitakunywa uji kwa dada yako. Nitanenepa mpaka Maua anikatae." Nikamwambia ashone shati kubwa kwanza. Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia, habari ya shati.

Kwenye kona lori la mawe likatokea juu yetu, breki zimekatika. Lilikuwa linapiga honi. Dereva wake alikuwa anatupungia tutoke, lakini tutoke twende wapi? Nikamwona Athumani anaangalia korongo, anaangalia jabali, ananiangalia mimi. Muda wenyewe haukuwa hata wa kupumua, lakini nakuambia aliangalia vyote vitatu. Kisha akaukata usukani ili pigo lije upande wake, na kwa mkono wa kushoto akanisukuma mlangoni. Mlango wa lori lile ulikuwa haufungi vizuri, tulikuwa tunamlaumu mwenye lori kila siku. Nilianguka juu ya mawe. Mkono wangu wa kulia ulivunjika sehemu mbili na haukuunga sawasawa, ndiyo maana naandika kwa kushoto. Nilipoinuka lori lilikuwa limebanwa kwenye jabali, na lile la mawe juu yake. Mahindi yalikuwa yanamwagika polepole barabarani, kama mvua.

Nikifumba macho namwona akinitazama. Sijui mtu anakuwaje tayari namna ile, katika muda ule, bila kujiandaa. Nalifikiria jambo hilo kila siku nami sijafika mwisho wake. Nilidhani watu kama hao wako kwenye mahubiri. Kumbe mmoja nilikuwa nakula naye mihogo.

Sasa unaelewa kwa nini nimesema njia mbili. Nikiona ule mchoro wa njia moja naona kile kilima. Siwezi kushika fito kupima njia ambayo itamkutanisha mtu mwingine na lori la mawe.

Nikodemo alitaka kukuambia. Mimi ndiye niliyemkataza.

Hezekia


Karibu na Mugumu
28 Oktoba 1956

Mdogo wangu,

Barua yako nilisomewa na Filemoni, kwa sababu nilifika mstari wa pili nikashindwa. Amelia yeye, nimelia mimi. Kile kigoda amekifunga kwa gunia, anasema atampelekea Maua mwenyewe, hata kwa miguu.

Nimekuandikia maneno makali bila kujua. Sikuombi tena kuhusu barabara. Nimekaa nalo wiki nzima, nikaona siwezi kukuomba upime njia ambayo mkono wako unaikataa. Ukisema njia mbili, mimi nitanyamaza, nitakuja mpaka mtoni kwa miguu yangu kama zamani.

Filemoni anasema nikuambie jambo jingine. Mimi sitaki kulitaja kwa sababu kila nilipolitaja nililipoteza. Wewe si mtoto. Umesikia ni nani anayechanja kuni. Litakuwa mwezi wa tatu, Mungu akipenda, na mvua kubwa zitakuwa karibu. Usimwambie mama. Usinijibu juu ya hilo.

Pole, ndugu yangu. Pole sana. Utunze huo mkono.

Nyangi


Kambi ya Barabara, Tarime
2 Desemba 1956

Dada yangu mpendwa Nyangi,

Shikamoo. Mama hajambo, na sijamwambia kitu, ingawa ananitazama kama anayejua. Filemoni alifika hapa na gunia lake mgongoni, nadhani atakuwa amekwisha kurudi na kukueleza mengi, lakini baraza hakulikuta, kwa hiyo hilo ni langu kulieleza.

Bwana Kamba alisema hawezi kuamua kwa karatasi wakati watakaoitumia barabara wanaishi hapa. Akaomba baraza kwenye uwanja wa mnada. Siku mbili kabla tulichora barabara zote mbili pale chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi. Mimi ndiye niliyevuta kamba. Ilikuwa ajabu, dada. Kwenye meza ya Bwana ile michoro ni mistari tu ya penseli. Pale uwanjani iligeuka mahali. Watu walianza kuitembelea kabla hatujamaliza. Mama mmoja alipita na kuni kichwani kwenye ile ya njia mbili, akasimama katikati, akanyoosha mikono yote miwili, akacheka peke yake. Waliswaga ng'ombe juu yake waone kama wataenea. Wanaume wa ukoo huu na wa ukoo ule, ambao mwaka jana walikuwa wanawindana kwa mishale kwa ajili ya mifugo, walisimama kila ukoo upande wake wa chokaa wakitazamana, kisha mmoja akasema, "Haya, pita," na yule akapita, na uwanja mzima ukacheka.

Siku ya baraza walikuja watu wengi kuliko siku ya mnada. Walikuja wa Itiryo na Susuni, na wenye maduka, na masheikh wawili, na mapadri. Ng'ambo ya mto walifika wachache tu, kwa sababu kivuko kilikuwa kimeharibika. Nilipoona hivyo nilijua jinsi litakavyokwenda.

Mzee Waitara alisimama kwanza. "Mimi nataka ile pana," alisema. "Hii nyembamba italeta ugomvi. Wewe unakuja, mimi nakuja, nani atampisha nani? Mimi nimpishe kijana wa ukoo ule? Tutakaa barabarani hapo mpaka magari yaote kutu!" Watu walipiga makofi. Mwenye maduka mmoja akasema naye anataka pana, mzigo wake usisimame. Kila aliyesimama alisema pana.

Ndipo Bwana Kamba, kwa Kiswahili chake cha kukokota, akasema, "Hezekia. Wewe ulikuwa pale Nyabirongo. Sema."

Nikasimama. Nilikuwa na maneno yangu, nimeyapanga usiku kucha. Nikautazama huu mkono uliopinda, nikatazama chokaa, nikakukumbuka wewe, nikamkumbuka Athumani, na kila upande ulinivuta sawasawa. Nilisimama hapo kama fito langu.

Basi nyuma, upande wa wanawake wanaouza vitumbua, mtu mmoja akainuka. Alikuwa amevaa nguo nyeupe ya eda, ikatuvuta macho sote. Alikuwa Maua. Dada, eda yake ilikuwa imekwisha majuzi tu, nguo hajaivua bado, na unajua mwanamke kusema barazani hapa kwetu si jambo la kawaida, na mjane tena, na mbele ya masheikh. Karani wa baraza alinyoosha mkono kumzuia. Mmoja wa masheikh akasema taratibu, "Mwache."

Akaja mpaka kwenye chokaa. Hakupaza sauti. Alisema hivi, nami nimeyashika yote:

"Mume wangu amekufa kwenye kile kilima. Hakuna hapa anayekijua kilima kile kuliko mimi, kwa sababu nakipanda kila nikilala. Nimesikia mnasema pana, pana, ili wasife wengine. Nawashukuru. Lakini Athumani hakuwa anaendesha lori mpaka mtoni halafu anageuza. Alikuwa anavuka. Alikuwa anarudi nyumbani ananiambia, kule kuna mama fulani amejifungua, kule kuna mzee fulani anataka dawa ya macho, kule kuna mwalimu mwanamke anayepika uji mzuri. Ninawajua watu wa ng'ambo ambao sijawahi kuwaona. Mkijenga barabara pana ikaishia mtoni, mtakuwa mmeijenga kwa ajili ya kifo chake. Mimi naomba muijenge kwa ajili ya kazi yake. Kilima kipanueni. Kipasueni, kiwe cha magari mawili, matatu, hata manne. Kona zote ambazo mtu haoni mbele, zipanueni. Lakini kwenye uwanda, pale mtu anapomwona mwenzake akija tangu mbali, mnataka upana wa nini? Atakayefika kwanza amngoje mwenzake. Kumngoja mtu hakumuui mtu."

Kisha akarudi akakaa chini, akafunika vitumbua vyake ili visiingie vumbi.

Mzee Waitara alikuwa bado amesimama na fimbo yake. Akatembea polepole kwenye ile chokaa ya njia moja, mpaka kwenye kipande kilichotanuka, akaingia pembeni, akasimama. Akamwita yule kijana wa ukoo mwingine. "Haya," akasema, "pita. Nitazame kama nitakufa." Kijana akapita. Mzee akageuka kwetu akasema, "Niko hai." Lakini safari hii hakuna aliyecheka, na mimi nilitazama pembeni.

Bwana Kamba aliyachukua makaratasi yake mawili akaondoka kwenda hemani. Kesho yake aliniita akanionyesha mchoro wa tatu. Njia moja hadi Mugumu, yenye mahali pa kupishana. Nyabirongo na kona zote zisizoonekana, njia mbili. Akaniambia kwamba jambo hilo lilikuwa limempitia kichwani mwanzoni, ila hesabu ilikataa, kwa sababu kupasua kile kilima ni kazi kubwa. Nikamuuliza sasa imekubali vipi. Akasema, "Daraja hakuna. Nimelitoa daraja." Kwa hiyo mtabaki na kivuko, dada, na mvua kubwa zikija kivuko kitasimama. Sitaki kukudanganya kwamba tumepata yote. Lakini kiangazi hiki katapila litafungua njia kwanza, moramu, ile changarawe nyekundu ya juu, itafuata baadaye.

Nimekubali kurudi kwenye fito. Nalishika kwa kushoto.

Mimi mdogo wako,
Hezekia


Kambi ya Nyabirongo
10 Februari 1957

Dada,

Shikamoo. Naandika upesi, lori linaondoka. Kilima kimepasuka. Walitega baruti wiki nzima, na leo asubuhi nimesimama katikati ya ukuta mwekundu mrefu kuliko minara ya kanisa, pande zote mbili, nikatazama mbinguni kama mtu aliye ndani ya kisima kikubwa. Magari mawili yanapita na ng'ombe wanapita katikati yake. Njia imekwisha kufunguliwa hadi kwenu, bado haina moramu, ila inapitika ikiwa kavu. Dereva mpya wa lori anaitwa Kornelio, nimemwambia kila kitu. Kuanzia mwezi ujao atalala Mugumu kila Jumanne na Ijumaa.

Usisubiri mpaka maumivu. Na mawingu nayaona upande wa ziwa.

Hezekia


Hospitali, Tarime
10 Machi 1957

Mdogo wangu Hezekia,

Marahaba. Najua umetumwa Sirari na hukunikuta, kwa hiyo nakuandikia hapa kitandani, daftari juu ya goti. Mama yupo. Amekuja kutoka Itiryo kwa miguu siku ile ile, sijui nani alimwambia, nami nakushuku wewe.

Maumivu yalinianza Jumanne alasiri, kabla ya siku niliyoihesabu. Mvua ilikuwa imeshaonekana, giza limesimama upande wa magharibi. Kornelio alikuwa amewasili punde tu. Hakushusha hata mzigo wote. Walinitandikia godoro la majani nyuma, Filemoni akanishika kichwa, tukaondoka. Nilipita mahali pote tulipopita na machela. Sikufumba macho. Niliapa nitapaangalia. Lakini kila nilipoinua shingo tulikuwa tumeshapapita, Hezekia, mahali pa kutembea tangu asubuhi hadi adhuhuri palikwisha kabla sijamaliza kusali.

Kwenye uwanda, kabla ya kufika mtoni, Kornelio alisema kuna lori linakuja. Nikamsikia Filemoni akisema, "Mungu wangu, si sasa." Mbele vumbi lilikuwa limesimama. Kumbe lori lile lilikwisha kutuona tangu mbali, likaingia pale njia inapotanuka, likazima. Tulipolikaribia dereva alikuwa ameshuka amesimama juani pembeni, yeye na abiria wake wote, na mizigo yao, wanatungoja. Hawakujua sisi ni akina nani wala tumebeba nini. Tulipopita mwanamke mmoja kati yao aliniona nimelala pale nyuma, akaweka mkono mdomoni, kisha akaanza kupiga vigelegele, na wengine wakamfuata, watu nisiowajua, hadi vumbi likawafunika. Nilisahau maumivu. Nakuambia kweli, kwa muda ule nilisahau.

Kivuko kilikuwa upande wetu. Tulivuka matone ya kwanza yakianguka. Wakati tunapanda Nyabirongo kulikuwa na basi linashuka, likapita upande wake, sisi upande wetu, hakuna aliyepunguza mwendo. Kornelio alivua kofia pale, akairudisha. Nikatazama juu, nikaziona hizo kuta ulizoniandikia. Nilidhani ulikuwa unatia chumvi.

Amezaliwa alfajiri. Ni msichana, ana nywele nyingi na hasira nyingi, na sauti yake ilimwamsha mlinzi getini. Maua amekuja kila siku na supu, anamshika, wanatazamana tu wawili hao kwa muda mrefu. Jina bado. Mama ana lake, Filemoni ana lake, jana walibishana hapa mpaka muuguzi akawatoa nje wote wawili. Mvua sasa inanyesha kweli na wanasema kivuko kimesimama, kwa hiyo hatuendi popote kabla ya mwezi kwisha.

Njoo. Nakuandikia amelala kwenye mkono wangu, anapumua. Nimekuwa nikimsikiliza tangu asubuhi, na bado sijachoka.

Mimi dada yako,
Nyangi